Jumapili za santuri Fordsburg

Ukimwambia Mswahili wa Johannesburg kwamba umefikia Fordsburg, swali lake la kwanza litahusu chakula. Mint Road peke yake inaweza kukulisha wiki nzima bila kurudia sahani: biriani, kuku wa tanduri, mishikaki, sambusa, chai ya maziwa iliyokolea iliki. Nyama ni halali, adhana inasikika mpaka chumbani, na mwisho wa wiki jioni watu hujazana Fordsburg Square kununua vyakula, mitandio na manukato. Anayetoka Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji kufundishwa namna ya kuishi hapo.

Raha hiyo ina gharama yake. Mtu anaweza kukaa Fordsburg, au Mayfair iliyopakana nayo, miaka kumi na tano bila kuwa na rafiki hata mmoja mwenyeji. Mwenye nyumba ni Mhindi ambaye babu yake alizaliwa nchini humo, kwa hiyo ni Msauzi halisi, lakini mnaonana siku ya kodi tu. Jirani wa duka ni Msomali, fundi simu ni Mpakistani, kijana wa mizigo ni Mmalawi. Wasauzi weusi, ambao ndio wengi wa nchi, unakutana nao wakiwa wateja, walinzi wa mlangoni au madereva wa teksi.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anaishi hivyo. Yuko Johannesburg tangu 2009, anauza nguo na mashuka. Septemba 2019, maduka ya wageni yalipovunjwa mjini, lake lilikuwa mojawapo. Tangu hapo njia zake ni tatu: dukani, msikitini, nyumbani. Watu wa nchi anawaita "hawa jamaa". Simlaumu. Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa katika mashambulizi dhidi ya wageni. Ghasia zikarudi 2015, zikarudi tena 2019. Neno makwerekwere, wanalotuitia sisi tunaotoka nchi nyingine za Afrika, binti yake mkubwa alilijua kabla hajajua kusoma.

Mimi nilikwenda kwao Septemba 2025 kwa wiki tano, kutoka Uingereza ninakofanya kazi ya uuguzi. Wifi alikuwa amejifungua kwa upasuaji wiki mbili kabla, na hakuwa na mama wala dada wa kumsaidia. Nilikwenda kuosha mtoto, kupika uji wa pilipili manga na kumwambia kaka apunguze sauti ya simu. Sikwenda kutafuta muziki.

Kilichonitoa nje ni redio kaseti ya marehemu baba mkubwa. Kaka aliibeba kutoka Morogoro na ilikuwa bubu miaka mingi juu ya kabati. Siku moja, mtoto amelala, niliifunga kwenye kanga nikaipeleka kwa fundi niliyeelekezwa, kwenye kichochoro cha Fordsburg nyuma ya maduka ya vitambaa. Nilimkuta mzee wa Kihindi mwenye kofia nyeupe, miaka sabini na kitu, kazungukwa na spika zilizofunguliwa matumbo. Pembeni santuri ilikuwa inazunguka, saksafoni inalia taratibu kama mtu anayesimulia. Nikamuuliza ni nani huyo anayepiga.

Alizima chuma cha kulehemu. Nilikaa pale zaidi ya nusu saa.

Familia yake, alinieleza, ilikuwa ya Pageview, mtaa wa jirani ambao wenyewe waliuita Fietas. Serikali ya ubaguzi iliutangaza kuwa eneo la Wazungu, ikawahamishia watu Lenasia, mbali kusini mwa jiji, na wenye maduka wakahamishiwa Oriental Plaza, lile jengo kubwa la Fordsburg ambalo wageni wengi hulijua kwa vitambaa na sufuria. Watu walipangiwa mitaa kwa rangi. Lakini mwendo wa miguu kutoka hapo, Kort Street, kulikuwa na duka la santuri lililoitwa Kohinoor, la Rashid Vally, na pale mlangoni hakuna aliyepanga mtu. Wahindi, Machotara na Waafrika kutoka Soweto walisimama bega kwa bega wakisikiliza jazi kabla ya kununua. Vally alianzisha pia lebo yake ya kurekodi, The Sun, au kwa Kiarabu As-Shams. Nilipomwambia fundi kwamba hata Kiswahili cha washairi kinaliita jua shamsi, alicheka akaniandikia kwenye karatasi ili asisahau.

Santuri niliyokuta inazunguka ilikuwa ya lebo hiyo: "Mannenberg" ya Abdullah Ibrahim, iliyorekodiwa Cape Town mwaka 1974, ambayo wimbo wake mkuu unakula upande mzima. Vally aliupiga kwenye spika zilizoelekezwa barabarani, na wapita njia wakawa wanaingia kuuliza, kama nilivyouliza mimi. Karibu hauna maneno, hivyo wakaguzi wa serikali hawakuwa na la kukata. Pamoja na hayo, ukaja kuwa kama wimbo wa taifa wa wale wasiokuwa na taifa. Fundi aliununua Kohinoor akiwa kijana, na baadhi ya watu aliojuana nao dukani bado wanakutana naye kila Jumapili ya pili. "Njoo, sisi," aliniambia. "Saa nane. Usilete santuri. Leta cha kula."

Hiyo sisi ilinichanganya mwanzoni. Johannesburg ni namna ya kumwita mwanamke, dada. Masikioni mwangu ikawa inasikika kama amenihesabu ndani.

Hapa niseme ninachokusudia ninaposema muziki wa chini kwa chini. Kwetu Tanzania andagraundi ni msanii ambaye bado hajatoka. Huku wasanii wenyewe walishatoka zamani, wengi walishakufa. Kilicho chini kwa chini ni mkusanyiko. Hauna tiketi wala tangazo. Soweto, Mamelodi na vitongoji vingine kuna vikundi vingi vya wapenzi wa jazi wanaokutana Jumapili mchana nyumbani kwa mtu au kwenye baa ya jirani, kila mmoja na santuri zake kwapani. Mtalii hawaoni kwa sababu hakuna anachouziwa. Wanafanana na vikundi vyetu vya upatu na kuzikana kuliko wanavyofanana na klabu ya muziki. Hiki cha Fordsburg kilikuwa na daftari la michango, na mwanachama akifiwa wote wanakwenda.

Chumba kilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya stoo ya vitambaa. Watu kama thelathini, wengi wao zaidi ya miaka hamsini. Wanaume walivaa suti na kofia za ukingo, viatu vya rangi mbili vinang'aa mpaka unaona aibu ya raba zako. Wanawake wamevaa magauni ya kutokea. Pombe haikuwepo kwa heshima ya mwenye jengo. Kulikuwa na birika za chai, sambusa, nyama choma na ugali wao mweupe wanaouita pap. Mimi nilipeleka vitumbua, na sufuria lilirudi tupu.

Utaratibu wao ni huu. Kila mtu ana zamu ya santuri tatu. Anatangaza jina la mpigaji, mwaka na nani yuko kwenye besi, kisha anaweka sindano. Hakuna anayezungumza juu ya muziki. Halafu mmoja anainuka na kucheza peke yake, lakini ni kucheza kwa namna ambayo sijaiona kwingine: vidole vinafuata nyuzi za besi, bega linafuata tarumbeta, kisigino kinafuata ngoma, kana kwamba anautafsiri muziki kwa mwili ili na sisi tusiojua tuuone. Akimaliza anasalimiwa kwa kofia, anakaa, mwingine anainuka. Mama mmoja aliyekuja na mkongojo alicheza kwa mikono tu, ameketi, na ndiye aliyeshangiliwa zaidi.

Jambo lililonigusa ni swali walilonipokea nalo. Johannesburg mgeni huulizwa anatoka wapi, na mara nyingi swali hilo lina meno. Pale niliulizwa nasikiliza nini. Nikasema nimekulia kwenye santuri za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ingawa kwa masikio yao ile isingeitwa jazi hata kidogo; bendi zetu za zamani zilijiita jazi na kupiga dansi. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha akageuka taratibu.

"Morogoro?" akasema, kisha kwa Kiswahili: "Mwanangu, mimi Mazimbu napajua nyumba kwa nyumba."

Niliinuka nikamwamkia. "Marahaba," akajibu, na nikaona midomo yake inalitafuta neno lile kama mtu anayepapasa swichi gizani.

Kwa vijana wasiojua: baada ya ghasia za wanafunzi wa Soweto mwaka 1976, vijana wengi walitoroka Afrika Kusini. Tanzania ikawapa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, wakajenga shule waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Kulikuwa na madarasa, mabweni, hospitali, mashamba, na kuna makaburi mpaka leo. Mwaka 1992 waliirudisha kwa Tanzania, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mama yangu alikuwa akipeleka mchicha na nyanya huko. Mzee huyu alifika 1981 akiwa na miaka ishirini, akakaa miaka kumi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Morogoro.

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha mafundi ujenzi, chenye matusi mawili matatu aliyoyatumia bila kujua kwamba ni matusi. Alinisimulia Mlima Uluguru, mvua, maembe, na namna redio za baa za mjini zilivyopiga nyimbo za Mbaraka miaka kadhaa baada ya Mbaraka mwenyewe kufa. Nilipomwambia kwamba wenyeji wa Morogoro waliwapenda, aliinua kidole. "Usiipake sukari. Tuligombana na watu wa vijijini, wao na sisi. Vijana wetu walikuwa na fujo. Tulitembea na vibali. Lakini nilipougua malaria hakuna aliyeniuliza uraia wangu. Nesi aliniuliza nimekula nini."

Mwanamke aliyekaa kati yetu akaomba atafsiriwe. Mzee alipomtafsiria, akanyamaza, akaweka kikombe chini. Alikuwa muuguzi katika zahanati ya serikali.

Wasomaji wanaofuatilia habari wanajua yaliyokuwa yakitokea mwaka huo. Watu wa Operation Dudula, kundi lililoanzia Soweto mwaka 2021, walikuwa wakisimama kwenye mageti ya zahanati na hospitali za umma wakidai vitambulisho, na asiye Msauzi wanamrudisha. Katiba ya nchi hiyo, kifungu cha 27, inampa kila mtu haki ya kupata huduma ya afya, haisemi kila raia. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilikuja kulipiga marufuku kundi hilo kufanya hivyo. Lakini mimi nilikuwepo kabla ya hukumu. Wifi yangu alijifungulia hospitali ya kulipia kwa kuogopa geti, na deni lake kaka atakuwa analilipa mpaka mtoto aanze kutembea na zaidi.

Yule muuguzi hakujifanya malaika, na ndiyo sababu nilimwamini. Alisema foleni ni ndefu, dawa zinaisha, nafasi za kazi hazijazwi, na kuna siku na yeye anawaza kwamba wageni ni wengi. "Halafu namwona mama mjamzito ambaye tarehe yake imepita na hajaja," alisema, "na ninajua aliishia getini." Alizungumza kama tunavyozungumza wauguzi popote, akitaja shinikizo la damu na wiki za ujauzito, bila kupamba. Wakati huo mtu alikuwa ameweka santuri nyingine na ilibidi tunong'one. Nikamnong'oneza kwamba mtoto wetu anatimiza wiki sita Jumanne ya wiki ya mwisho wa mwezi, anatakiwa chanjo, na baba yake amekataa kwenda zahanati ya umma.

"Leteni kitabu chake cha afya," alisema. "Saa moja asubuhi nitakuwa getini. Sikufanyii hisani. Ni sheria. Lakini nitakuwepo."

Jumapili iliyofuata ya mkutano nilimchukua binti wa kaka. Baba yake hakutaka. Wifi ndiye aliyemwambia mwache aende na shangazi yake. Nilidhani nampeleka akaone wenyeji. Tulipofika juu, alisalimia wazee kwa Kizulu, mmoja mmoja, kwa goti lililokunjwa kidogo, akawajibu utani wao kwa utani, nikabaki mimi ndiye mgeni. Huyu mtoto amezaliwa hapo. Ana marafiki shuleni ambao baba yake hajui majina yao, na kwenye simu yake anatengeneza nao midundo ya amapiano, anaitumia kwao usiku, wao wanaongeza besi na kuirudisha. Amapiano yenyewe ilikua hivyohivyo, kwenye vitongoji vya Gauteng, kwa kutumiana mafaili kwa simu na kupigwa kwenye teksi muda mrefu kabla redio hazijaigusa. Ndiyo andagraundi ya kizazi chake, na inaishi chumbani mwake ukuta mmoja na baba anayedhani binti hana mtu.

Fundi alimwambia kila anayekaa hapo ana zamu, hata mtoto. Akaunganisha simu yake na spika. Kwanza akawapigia mdundo wake, na wazee wakasikiliza kwa adabu. Yule mama wa mkongojo akasema besi inajua inakokwenda, sifa kubwa kutoka kwake. Halafu, kwa ukorofi wa miaka kumi na tano, akawapigia singeli ya Dar es Salaam. Msioijua, singeli ni muziki wa uswahilini unaopita mapigo 200 kwa dakika. Fundi aliinuka kuangalia kama spika imeharibika. Mzee wa Mazimbu alijaribu kuitafsiri kwa miguu kama wanavyotafsiri jazi, akafika nusu dakika, akakaa akijipepea kwa kofia, chumba kizima kinacheka. Yeye ndiye aliyemwambia binti kwamba kwa Kizulu ingoma ni wimbo, na kwa Kiswahili ngoma ni hiyo inayopigwa na hiyo inayochezwa pia, kwa hiyo asimkubali mtu anayemwambia achague lugha moja.

Kisha ikawa zamu yake mwenyewe. Alitoa kwenye mfuko wa nailoni santuri ndogo ya Mbaraka Mwinshehe, imechakaa, aliyorudi nayo kutoka Morogoro. Hakutangaza mwaka wala mpiga besi. Nilicheza mimi, vibaya, nikifuata gitaa kwa vidole kama nilivyoona wanafanya. Nilivua hata raba.

Mikutano yao huisha kabla ya saa kumi na mbili jioni ili wa Soweto wafike kwao kungali na mwanga. Mzee alitupa lifti. Kaka alikuwa amesimama nje ya geti na funguo mkononi, uso umekaza, kwa sababu simu ya binti ilikuwa imeisha chaji kwa hiyo singeli. Gari la mtu asiyemjua likasimama. Kioo kikashuka.

"Mwenyeji," mzee akasema kwa Kiswahili, "nimekuletea watu wako."

Sijawahi kumwona kaka akikosa neno. Mwisho akasema, "Shikamoo mzee," kisha, "Karibu ndani." Mzee akamwambia jua linazama, atakuja siku nyingine. Kaka alibaki getini mpaka gari likapinda kona. Usiku aliniuliza mara mbili yule mtu kajifunzia wapi Kiswahili, ingawa nilishamweleza mara ya kwanza.

Jumanne ya chanjo alituendesha mwenyewe. Alisema atabaki garini. Getini walikuwepo watu wanne, wamevaa fulana zinazofanana, mmoja na daftari. Muuguzi alikuwa ameshatoka nje, sare imepigwa pasi, kitambulisho kifuani. Alitembea kati yetu na wao, akawasalimia wawili kwa majina, kwa kuwa ni watoto wa mtaani kwake, akamuuliza mmoja hali ya bibi yake. Yule kijana akajibu habari za bibi. Kwa muda huo tukawa tumepita. Mtoto alilia kwa sindano zote kama ilivyo haki yake, kitabu kikagongwa muhuri, tukatoka kwa mlango uleule. Mwenye daftari alitutazama, hakusema kitu. Siku nyingine angeweza kusema.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba santuri zinazuia duka kuvunjwa. Wako wanaocheza amapiano usiku na kufukuza wageni asubuhi. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: katika mji ambao mgeni ni mteja, mpangaji au mtuhumiwa, nilipata sehemu moja ambapo nilikuwa msikilizaji, na msikilizaji hukaribishwa chai.

Kwa wanaofikiria kwenda Johannesburg kutembelea ndugu, nawaongezea machache niliyojifunza. Vikundi hivi havitangazwi. Ulizia kwa wauza santuri za zamani na mafundi redio, na uulize ukiwa umesimama, huna haraka. Jumapili mchana ndiyo siku yao, na watoto wanakaribishwa. Beba chakula. Usipige picha wala video bila ruhusa, maana humo kuna watu walioishi miaka mingi wakijificha na tabia hiyo haiwaishi. Usitembee kwa miguu jioni hata kama ni karibu, ita gari. Kama una siku nyingine ya wazi, Bag Factory, karakana za wasanii zilizopo Fordsburg tangu 1991, huwa na maonyesho, na ukivuka chini ya barabara kuu ya M1 unaingia Newtown, kwenye Market Theatre iliyofunguliwa 1976 katika soko la zamani la matunda. Hapo utakutana na watu wanaojua nani anakutana wapi.

Redio ya baba mkubwa inalia. Fundi alikataa malipo ya kazi, akachukua ya vipuri tu. Kaka mwenyewe mpaka leo hajapanda zile ngazi. Anasema Jumapili ana mahesabu. Lakini mzee wa Mazimbu amekwisha kuja kwake mara tatu, na mara ya mwisho, wifi ananiambia, alikuja na yule muuguzi na mumewe, wakala pilau. Binti aliwapigia mdundo mpya. Mzee ameomba akitokea mtu anayetoka Morogoro amletee santuri yoyote ya Cuban Marimba, hata kama imekwaruzika. Nitakwenda nyumbani Desemba, na mama ameshaanza kuulizia sokoni. Mwenye nayo aniandikie.